Mti Mmoja, Karatasi Moja: Penseli Mbele ya Miti ya Dakawa

Ukitoka Morogoro mjini kwa barabara ya Dodoma, Milima ya Uluguru hubaki nyuma yako, na baada ya muda Milima ya Nguru huanza kuonekana upande wa kaskazini. Katikati yake kuna tambarare ya Mto Wami, na kwenye tambarare hiyo ndipo ilipo Dakawa. Wengi wanaijua kwa mpunga: hekta 2,000 zinazomwagiliwa kwa maji ya Wami, shamba lililokuwa la shirika la umma la NAFCO na ambalo sasa linalimwa na wakulima wadogo chini ya ushirika wao, UWAWAKUDA. Mimi nataka kuitazama kwa miti yake: migunga yenye vichwa vilivyolala sawa na upeo wa macho, mivumo yenye shina lililovimba katikati, mikwaju iliyobaki karibu na makazi, mipingo iliyojipinda vichakani, na miombo inayoanza pale ardhi inapoinuka. Nani amewahi kuketi mbele ya mti mmoja kati ya hii akauchora kwa penseli kwa uangalifu uleule anaopewa mtu anayechorwa sura yake? Na ikiwa waliofanya hivyo ni wachache mno, sababu ni nini?

Swali hili linahitaji kipimo, na kipimo kizuri ninachokijua ni Ufaransa ya karne ya 18. Jean-Baptiste Oudry, aliyepata sifa kwa picha za wanyama na mawindo ya mfalme, katika miaka ya 1740 alikuwa akienda kwenye bustani zilizotelekezwa za Arcueil, kusini mwa Paris, na kuchora miti na ngazi za humo kwa chaki nyeusi na nyeupe juu ya karatasi ya buluu. Kiangazi cha 1760 Jean-Honoré Fragonard, akiwa kijana wa miaka 28, alikaa Tivoli karibu na Roma, akachora bustani za Villa d'Este kwa chaki nyekundu. Katika michoro hiyo misaipresi imepewa karatasi karibu yote, na binadamu ni vidoa vidogo chini yake. Hapo mti haukuwa tena pazia la nyuma la kisa cha mtakatifu au cha shujaa. Ulikuwa ndio kisa chenyewe.

Aliyeifanya kazi hiyo kuwa somo ni Pierre-Henri de Valenciennes, aliyezaliwa Toulouse mwaka 1750. Akiwa Italia katika miaka ya 1780 alijaza karatasi kwa michoro na vipande vidogo vya rangi vilivyofanywa papo hapo, nje, mbele ya kitu chenyewe. Mwaka 1800 alitoa kitabu kikubwa cha kufundisha perspektivu, yaani namna ya kuonyesha umbali kwenye karatasi, na humo akawapa wanafunzi masharti ya kazi ya nje. Asikae mtu mbele ya mandhari zaidi ya saa mbili, kwa sababu baada ya hapo jua limehama na vivuli vinasema jambo jingine. Jua linapochomoza au kuzama, muda huo upungue hadi nusu saa. Tena ni vizuri kuchora mahali palepale kwa saa mbalimbali za siku, ili kuona namna mwanga unavyolibadilisha umbo.

Mafundisho hayo yalizaa matunda kwenye chuo cha sanaa cha Paris. Mwaka 1816 ilianzishwa zawadi maalumu ya mandhari, yenye kumpeleka mshindi Roma, na mwaka 1817 ikachukuliwa kwa mara ya kwanza na Achille Etna Michallon. Mojawapo ya hatua za shindano hilo lilikuwa jaribio la mti. Mwanafunzi alitajiwa aina ya mti, akafungiwa chumbani, akatakiwa kuuchora kutoka kichwani bila kuuona. Aliyekuwa hajakaa miaka mbele ya mialoni na misaipresi alifichuka palepale. Hatua hii nitairudia, maana ndani yake mna sehemu kubwa ya jibu ninalolitafuta.

Kuhusu penseli yenyewe kuna jambo ambalo msomaji wa Morogoro anastahili kulijua. Kwa sehemu kubwa ya karne hiyo wachoraji walitumia chaki nyeusi na nyekundu, na wachache walipata vipande vya kinywe safi kutoka mgodi wa Borrowdale, Uingereza. Vita kati ya Ufaransa na Uingereza vilipokata biashara hiyo, Nicolas-Jacques Conté aliambiwa atafute njia nyingine. Mwaka 1795 akapewa hataza ya kusaga kinywe, kukichanganya na udongo wa mfinyanzi na kukichoma tanuruni. Udongo ukiongezwa penseli huwa ngumu, ukipunguzwa huwa laini na nyeusi. Hiyo ndiyo penseli tunayoitumia hadi leo. Basi kinywe kimo tele ardhini Mahenge, ndani ya mkoa huuhuu wa Morogoro. Na mti uliopendwa na viwanda vya penseli vya Ulaya, kwa kuwa huchongeka kwa urahisi bila kupasuka, ulikuwa mtarakwa wa milima ya Afrika Mashariki. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kampuni ya Kijerumani ya Wilkins & Wiese ilijenga njia ya kamba za chuma ya kuteremshia magogo ya mtarakwa kutoka msitu wa Shume, Usambara, hadi reli iliyoko Mkumbara. Kenya nayo iliuza nje mbao hizo kwa miaka mingi. Nchi yetu ilitoa mti wa penseli kwa wingi kuliko ilivyotoa michoro ya mti kwa penseli.

Michoro ipo hata hivyo, na historia yake katika eneo hili inaanza na msafiri mwenye mkono uliojeruhiwa. James Augustus Grant, mwanajeshi wa Uskochi, aliumizwa mkono wa kulia kwenye mapigano ya Lucknow, India, mwaka 1857. Mwaka 1860 alifuatana na John Hanning Speke kutoka pwani kwenda bara kutafuta chanzo cha Mto Naili, na msafara wao ukapita Zungomero, chini ya Uluguru. Walikuwa na kamera, lakini kazi ya picha ndani ya hema lenye joto kali iliwashinda mapema, na kumbukumbu ya safari ikawa ya penseli na rangi za maji. Grant alichora vijiji, watu na mimea, huku akikausha sampuli za mimea njiani. Sampuli hizo zilipofika Uingereza zilichambuliwa na Daniel Oliver wa bustani ya Kew, na katika miaka ya 1870 zikachapishwa kwenye juzuu la 29 la jumuiya ya kisayansi ya Linnean, zikiwa na michoro ya Walter Hood Fitch, mchoraji mahiri kuliko wote wa mimea katika Uingereza ya wakati huo.

Fitch hakuwahi kufika Zungomero. Alichora London, mbele ya majani makavu yaliyobanwa kwenye karatasi. Mchoro wa Grant ulifanywa na mtu aliyeuona mti umesimama, ukiwa na udongo wake, upepo wake na wanadamu waliopumzika chini yake. Ukaishia kuwa pambo la kitabu cha safari. Mchoro wa Fitch ulifanywa na mtu ambaye hajawahi kuuona mti wenyewe, ukawa ndio ushahidi wa kisayansi. Tangu hapo, kwa zaidi ya miaka mia moja, penseli iliyohesabika kuwa ya maana mbele ya miti yetu ilikuwa ile ya mezani, mbali, mbele ya tawi lililokatwa.

Wafaransa nao walifika, tena karibu kabisa na Dakawa. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, Mhonda kwenye Milima ya Nguru mwaka 1877, na Morogoro chini ya Uluguru mwaka 1882. Kati yao alikuwamo Alexandre Le Roy, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1881 na kuondoka mwaka 1892. Aliandika kuhusu safari zake katika Udoe, Uzigua, Ukwere, Ukami na Usagara, na kitabu chake cha Kilimanjaro kina michoro aliyoichora mwenyewe. Mwenzake Charles Sacleux alikusanya mimea na kuipeleka kwenye jumba la makumbusho ya viumbe la Paris. Jenasi moja ya mimea, Sacleuxia, imepewa jina lake. Kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa, iliyotoka kati ya 1939 na 1941, ni hazina kubwa ya majina ya miti: jina la Kiswahili, na pembeni yake jina la kisayansi. Kwangu mimi Sacleux ndiye aliyeifanyia miti ya nchi hii hisani kubwa kuliko wasafiri wote, kwa sababu alisikiliza wanaoishi nayo wanaiitaje. Ila kalamu yake iliandika majina. Yule aliyekuwa na mkono wa mchoraji, Le Roy, alivutwa zaidi na watu, milima na matukio ya njiani.

Wajerumani walipotawala, kazi ikawa ya kiofisi na ya kasi. Franz Stuhlmann alikusanya mimea Uluguru katika miaka ya 1890. Adolf Engler, mkuu wa bustani ya mimea ya Berlin, akaipa majina. Mkani wa Uluguru, mti wa msituni wenye matunda mazito yanayoning'inia na mbegu zenye mafuta, ulipewa jina Allanblackia ulugurensis na Engler huyo. Mchoraji wa Engler, Joseph Pohl, alifanya kazi Berlin kwa miongo kadhaa na kutoa maelfu kwa maelfu ya michoro ya mimea ya dunia nzima. Kisha, usiku wa tarehe 1 Machi 1943, mabomu yaliipiga hifadhi ya mimea ya Berlin. Sehemu kubwa ya sampuli zilizotoka Tanganyika, zikiwemo zile za kwanza kabisa ambazo majina ya kisayansi yalitundikwa juu yake, ziliteketea. Kwa spishi kadhaa kilichosalia ni maneno ya Kilatini na mchoro. Wataalamu waliokuja baadaye walilazimika kuutazama mchoro kama shahidi aliyebaki hai. Ndiyo maana sikubaliani na anayesema kwamba kuchora mmea ni urembo tu.

Kazi hiyo ya mezani ilifika kilele chake katika mradi wa kuorodhesha mimea yote ya Tanzania, Kenya na Uganda. Kijitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1952 na cha mwisho mwaka 2012, miaka 60 kamili, na ndani yake zimeelezwa spishi za mimea ya porini zaidi ya 12,000. Hadi mwisho, katika zama za kamera za kidijiti, vijitabu hivyo viliendelea kutumia michoro ya mistari kwa wino. Kamera ilikuwepo na ilikuwa rahisi, lakini mchoraji anaweza kuonyesha kwenye ukurasa mmoja jani, ua lililopasuliwa, tunda bichi na tunda lililokauka, vikiwa katika vipimo tofauti, bila kivuli kinachoficha mshipa wa jani. Kwa mwananchi wa kawaida vilivyosaidia zaidi ni vitabu vya miti yenye manufaa, hasa kile cha Mbuya, Msanga, Ruffo, Birnie na Tengnäs cha mwaka 1994, ambacho kwa kila mti kinatoa majina ya lugha za makabila, Kiluguru kikiwemo, na mchoro ambao bwana misitu au mwalimu anaweza kuufananisha na tawi alilolishika mkononi.

Pamoja na sifa zote hizo, mchoro wa aina hii una mpaka wake. Unajibu swali moja: huu ni mti gani? Unajibu kwa kuondoa kila kitu kinachoutofautisha mti mmoja na ndugu zake wa spishi ileile. Kovu la moto, tawi lililovunjwa na upepo, gome lililobanduliwa kwa dawa, shina lililoinama kwa kutafuta mwanga, vyote ni dosari na vyote hufutwa. Ukurasa wa mpingo kitabuni ni mpingo wa kila mahali. Mpingo wa Dakawa, ule uliokatwa ukiwa mchanga na kuchipua mashina manne, haumo.

Kuna wanasayansi waliolihisi pengo hili. Katika miaka ya 1930 watafiti wa misitu ya kitropiki walianza kuchora ubavu wa msitu: wanachagua ukanda mwembamba, wanapima kila mti uliomo, urefu wake, unene wake, mahali tawi la kwanza linapoanzia, kisha wanauchora pale ulipo, kwa kipimo. Hapo mti mmoja mmoja ulirudi kwenye karatasi, ukiwa na mahali pake na jirani zake. Hatua kubwa zaidi ilifanywa na Mfaransa mwingine, Francis Hallé, mtaalamu wa mimea aliyechora kila alichokisoma. Mwaka 1970, yeye na Mholanzi Roelof Oldeman walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba miti ya kitropiki, kwa wingi wake wote, hujijenga kwa mipango michache. Baadaye hesabu ilitulia kwenye mipango 23. Waliigundua kwa kuchora, kwa kufuatilia tawi lilianzia wapi, likasimama lini, likagawanyika vipi.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kuyahakiki maneno ya Hallé bila kusafiri. Mkungu hupanga matawi yake kwa ghorofa: matawi hutoka pamoja, yanalala, shina linapanda tena, ghorofa nyingine inaanza, na kila tawi huendelea kwa vipande vifupi vilivyounganishwa. Msufi nao hutoa matawi yake kwa vishada vilivyopangwa, lakini tawi lake hurefuka kwa namna nyingine, na kwa hiyo uko kwenye mpango tofauti. Mnazi una shina moja lisilogawanyika maisha yake yote. Mwembe humaliza kila tawi kwa shada la maua, na kutoka chini ya shada hilo machipukizi mapya hugawana njia, ndiyo maana kichwa chake hufumbata na kuwa duara. Mtu anayechora mwembe bila kujua hili atapaka wingu la kijani juu ya nguzo. Anayelijua atajua pa kuweka mstari wake wa kwanza. Huu ndio ukaribu wa sayansi na sanaa ambao Valenciennes aliutaka, akiwa amepungukiwa tu na elimu ya mimea ya nchi za joto.

Wasanii wetu walikuwa wapi? Hapa jibu linapita Kampala. Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere mwaka 1937, na kwa miaka zaidi ya 20 mtazamo wake uliwalea wachoraji wa Afrika Mashariki nzima. Aliogopa, na kwa nia njema, kwamba mwanafunzi wa Kiafrika akiketishwa mbele ya kitu na kuambiwa akinakili kama Mzungu, atapoteza kilicho chake. Kwa hiyo aliwasimulia kisa, akawaacha wakione akilini, wakakichora. Sam Ntiro, Mchagga aliyesoma kwake kisha London, ndiye tunda maarufu la malezi hayo. Picha zake za kazi za shambani, harusi na migomba zina upendo usio na shaka, na jumba la sanaa za kisasa la New York lilinunua moja mwaka 1960. Lakini miti yake ni miti ya kumbukumbu, inayofanana, iliyopangwa ili kazi ya watu iende vizuri. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alipochora ukutani kisa cha Injili kwenye kanisa la Murang'a mwaka 1959, alikiweka ndani ya mandhari ya Kenya yenyewe, na hilo lilikuwa tendo la ujasiri. Hata hivyo mandhari hiyo ilikuwepo kumtumikia Kristo aliyezaliwa kati ya Wagikuyu. Edward Saidi Tingatinga, kwa rangi za mafuta zinazong'aa na vipande vya mbao, aliupa mbuyu na ndege wake umbo linalotambulika duniani kote. Mbuyu wa Tingatinga ni alama yenye nguvu, na alama haihitaji kuwa mbuyu fulani.

Sasa turudi kwenye chumba cha mtihani cha Paris. Kule pia mwanafunzi alichora mti kutoka kichwani. Lakini kichwa hicho kilikuwa kimejazwa kwanza, kwa miaka ya kukaa nje na karatasi magotini. Kumbukumbu ilikuwa kipimo cha kuona. Makerere ya Trowell ilianzia pale ambapo Paris iliishia. Ilimpa mwanafunzi haki ya kukumbuka bila kumpa miaka ya kutazama. Cecil Todd aliyemrithi Trowell alileta nadharia ya rangi na historia ya sanaa ya dunia, lakini kufikia hapo swali la wakati lilikuwa jingine: uhuru, taifa, utambulisho. Mti uliosimama peke yake nje ya dirisha la darasa haukuwa na cha kusema juu ya mambo hayo, au ndivyo ilivyodhaniwa. Ninaamini Trowell alikosea katika jambo moja kubwa. Kutazama kwa makini si mali ya Mzungu. Mganga wa Uluguru anayejua gome la upande gani wa shina linafaa, na mchonga mizinga anayejua tawi lipi la mninga litamfaa, wametazama kwa ukali usiopungua ule wa Valenciennes. Kilichokosekana ni karatasi, na mtu wa kusema kwamba kutazama huko kunastahili kuandikwa kwa mstari.

Dakawa yenyewe iliwahi kuwa mahali pa sanaa, na hili halitajwi vya kutosha. Serikali ya Tanzania ilikuwa imewapa wapigania uhuru wa Afrika Kusini wa chama cha ANC ardhi ya Mazimbu, shamba la zamani la mkonge karibu na Morogoro mjini, wakajenga chuo cha Solomon Mahlangu. Mwaka 1982 wakapewa ardhi nyingine Dakawa, kwa ajili ya makazi na mafunzo ya kazi. Vijana waliokimbia baada ya maandamano ya Soweto walijikuta kwenye tambarare ya Wami, chini ya anga pana na miti wasiyoijua majina. Pamoja na ufundi mwingine palianzishwa karakana ya kufuma na kuchapa vitambaa kwa msaada wa Waswidi. ANC ilipokabidhi makambi yake kwa Tanzania mwaka 1992, kazi ile ya vitambaa ilikuwa inahamia Grahamstown, Afrika Kusini, ikaendelea huko ikibeba jina la Dakawa. Ni fahari kwa kijiji cha wilaya ya Mvomero kwamba jina lake limeandikwa kwenye jengo la sanaa kusini mwa bara. Wafumaji na wachapaji walihitaji ruwaza, na ruwaza huchukua jani au tawi na kulirudia. Hata hapo, mti mzima uliosimama nje haukuingia kwenye karatasi kwa ajili yake wenyewe.

Kwa hiyo penseli imepita kwa miti ya Dakawa na Uluguru kwa njia tatu. Msafiri aliichora kama mandhari ya safari yake, mtaalamu akaichora kama spishi, msanii akaichora kama kumbukumbu au alama. Mti mmoja, uliopo mahali fulani, wenye umri na majeraha yake, ndio uliorukwa. Ningeweza kuliacha hapo kama pengo la historia ya sanaa, lau miti hiyo isingekuwa inaondoka.

Inaondoka kwa namna ambayo mchoro unaweza kuisoma. Tazama miombo ya pembezoni mwa tambarare. Mti uliokatwa kwa mkaa haufi mara moja. Kisiki huchipua, na baada ya miaka unapata mti wenye mashina matatu au manne membamba yanayotoka mahali pamoja. Ukikatwa tena, mashina huwa mengi na membamba zaidi. Mchoraji anayelifuata shina moja hadi chini lazima afike kwenye kisiki cha zamani, na akifika hapo ameandika historia ya panga na shoka ya mahali hapo bila kutia neno. Moto wa kila kiangazi huacha kovu shinani. Mgunga ulioliwa na ng'ombe na mbuzi ukiwa mchanga huwa na kiuno kilichosongamana, kisha juu ya urefu wa mdomo wa mnyama hufunguka. Katika tambarare ambako wakulima na wafugaji wamegombania ardhi kwa miaka mingi, kiuno hicho cha mti ni kumbukumbu ya malisho.

Nitaambiwa simu ina kamera. Ni kweli, na picha ipigwe. Lakini jaribu kupiga picha ya mpingo ndani ya kichaka cha mwezi wa nne: kijivu cha shina lake kinamezwa na kijivu cha mashina mengine, tawi lake linachanganyika na la jirani, na picha haijui lipi ni la nani. Mchoraji analazimika kuamua kila mara, mstari kwa mstari, na kila uamuzi unamlazimisha asogee, azunguke, ainame, aguse. Sababu iliyowafanya wataalamu wa ule mradi wa kuorodhesha mimea waendelee na wino hadi mwaka 2012 ndiyo hiyohiyo inayofaa kichakani Dakawa.

Uluguru ni suala gumu zaidi, na lazima niliseme waziwazi, kwa sababu huko masharti ya Wafaransa hayafui dafu. Fragonard alihitaji umbali ili auone msaipresi wote. Ndani ya msitu wa Uluguru, uliotangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008, hakuna umbali. Mti wa mita 40 unaonekana mita tano za chini, zilizobaki zimemezwa na ukungu na majani ya wengine. Juu zaidi, kuelekea tambarare ya Lukwangule, miti hufupika na kila tawi huvikwa kuvumwani na mimea midogo inayoishi juu yake. Tamás Pócs, Mhungari aliyefundisha Morogoro, alifanya kazi kubwa ya kupima maji yanayonaswa na vazi hilo kutoka mvua na ukungu, maji ambayo hatimaye huteremka Ruvu hadi mabombani Dar es Salaam. Mchoraji afanye nini na tawi ambalo huwezi kuliona gome lake? Nadhani inambidi aache kuutafuta mti mzima, achore kipande: mita moja ya tawi na vyote vinavyoishi juu yake. Hilo halitafanana na kitu chochote kilichotoka Tivoli, na ni sawa.

Kuna pia miti isiyopaswa kuchorwa bila kuuliza. Koo za Waluguru zimetunza vichaka vya makaburi na matambiko, ambamo mti haukatwi na mgeni haingii apendavyo. Ndimo ilimosimama mara nyingi miti mikubwa kuliko yote nje ya hifadhi. Mchoraji aende kwanza kwa wazee wa ukoo, aeleze anataka nini, na akikatazwa aondoke. Akiruhusiwa, jina la ukoo liandikwe chini ya mchoro pamoja na jina la mti, ikiwa wenyewe wanaridhia. Sacleux aliuliza majina, na kwa kuuliza aliacha kitu kinachodumu.

Kinachohitajika si kikubwa. Morogoro ina Chuo Kikuu cha Sokoine, chenye kampasi palepale Mazimbu, na ina makao ya taasisi ya utafiti wa misitu ya TAFORI. Hifadhi za mimea hupokea tawi lililokaushwa, likiwa na tarehe na mahali lilipochumwa. Hakuna sababu ya kukataa karatasi yenye mchoro wa mti uleule ukiwa umesimama, yenye tarehe, saa, mahali kwa vipimo vya setilaiti, na upande ambao mchoraji aliketi, ili mwingine aketi hapohapo baada ya miaka kumi. Mwalimu wa sekondari ya Dakawa hahitaji bajeti ya kulianza jambo hili. Anahitaji penseli laini na penseli ngumu, ubao wa kuegemea, na vipindi viwili vilivyounganishwa, ambavyo havizidi zile saa mbili za Valenciennes. Aanze na mninga. Kiangazi, kuanzia mwezi wa sita, mninga hupukutisha majani na kubaki na matunda yake ya duara yenye miiba katikati yakining'inia matawini, na mfupa wote wa mti huonekana. Mvua za kwanza zikikaribia utachanua maua ya njano na kuvaa majani upya, na kazi ya kufuata tawi hadi lilikoanzia itabidi isubiri mwaka mwingine.